Vizibo Vinne kwa Debe

Harufu ya dawa ya josho inakaa kooni kama kitunguu saumu kilichoozea kwenye mafuta ya taa. Ndiyo iliyokuwa kwenye nywele za mdogo wangu Milembe, mwenye miaka minne, alipolala sakafuni kwetu mate yakimtoka kama povu la sabuni. Mama alikuwa anammiminia maziwa mdomoni, maziwa yanarudi. Nje, ndama tuliyemwogesha kabla yake alikuwa ameshaanguka, anapiga miguu. Jua halijafika utosini, wote wawili walikuwa wamekufa, na chupa ya soda niliyoimimina kwa mkono wangu mwenyewe ilikuwa bado imelala kando ya karai.

Nilikuwa na miaka kumi. Kijiji chetu kiko juu kidogo ya kivuko cha Kamanga, na josho la serikali lilikuwa chini karibu na ziwa, shimo refu la saruji la lita elfu ishirini. Bwana mifugo, Rweyongeza, alimwaga humo debe moja la dawa, basi. Ng'ombe wanaogelea, wanatoka wakidondosha maji, na akina mama wenye watoto wa upele wanachota kopo la maji yaleyale kuwapaka. Kila mtu alifanya hivyo. Watoto walilia kidogo, upele ukakauka, hakuna aliyekufa, ndiyo maana hatukuiogopa. Kisha wakatuambia serikali imejitoa, biashara ni ruksa. Josho likaota nyasi, Rweyongeza akapunguzwa kazi. Kasanda, mwenye duka pale kivukoni, akavusha pipa zima la dawa kutoka Mwanza mjini, akawa anaiuza kwenye chupa za soda. Rweyongeza akawa mtu wake, anashinda dukani juu ya kreti.

Mama alinituma mimi dukani kwa Kasanda kwa sababu nilikuwa nasoma. Nikawaamkia shikamoo, nikasema mama anauliza, kwenye debe la maji unaweka dawa kiasi gani. Rweyongeza akainama, akasoma maandishi ya pipa kwa sauti: moja kwa elfu. Nilisikia kwa masikio yangu.

"Elfu ya nini sasa, mzee?" Kasanda akasema. "Huyu ana debe moja."

"Hapo inabidi wapime kwa vizibo vya soda."

"Pipa lote hili nikauze kwa vizibo? Nitazeeka nalo." Akacheka, akanigeukia. "Mwambie mama, chupa moja, debe moja. Hata kichaa hakosei."

Nikamtazama Rweyongeza. Alikuwa anajikuna kidevu, anaangalia ziwa. Nikakimbia hadi nyumbani na chupa ya dawa mkononi, nikirudiarudia nisisahau, chupa moja, debe moja. Mama akamwogesha ndama, akaona maji yamebaki mengi, akasema tumpake na Milembe, upele unamnyima usingizi. Mimi ndiye niliyemshika mikono.

Kasanda alikuja msibani na sukari. Akakaa na wanaume, akasema, "Yule mama hajui kupima, mimi nilimtuma mtoto aseme kizibo." Rweyongeza, pembeni yake, akatikisa kichwa kukubali. Nikasimama nikasema, "Ulisema chupa." Baba mkubwa akanizaba kofi mbele ya watu, kwamba mtoto habishani na wakubwa msibani. Toka siku hiyo wanawake wakamwita mama yangu Mama Karai. Kisimani, Mama Karai. Kanisani, Mama Karai. Amekufa na jina hilo, na aliyelitamka mara ya mwisho alikuwa ameshika sepetu.

Shule niliachia darasa la nne. Leo nina kibanda Ilemela, nauza mafuta ya kula. Napokea pipa, nawapimia watu kwa kikombe, mwenye shida hata kwa kijiko. Siku moja nilichukua chupa ya soda nikaijaza maji kwa kizibo chake, kimoja kimoja. Viliingia vizibo sitini. Nikarudi kwenye hesabu ya josho: debe moja la dawa kwa madebe elfu ya maji. Debe linajaa kwa vizibo kama elfu nne; kwa debe letu moja, basi, vilitosha vizibo vinne. Vinne. Mama alipewa sitini. Mimi wa darasa la nne nimeipata hesabu hiyo kwa mchana mmoja, na aliyesomea mifugo chuoni aseme ilimshinda? Siku hizi dawa inakuja kwenye chupa ndogo, na kifuniko kimechorwa mistari ya kupimia. Ndama wa leo wana bahati kuliko Milembe.

Kasanda amejenga hapahapa Ilemela. Msichana wake wa kazi hununua mafuta kwangu, nami nampimia sawasawa, tone halipungui. Rweyongeza naye yu hai, namuona sokoni na fimbo yake, ananiitikia marahaba kama hanijui. Kasanda, Rweyongeza, sukari yenu siitaki, wala pole yenu. Nataka mvuke Kamanga nyote wawili, mchana kweupe, msimame kwenye kaburi la mama yangu mbele ya wale wanawake waliobaki, mseme kwa midomo yenu ni nani alisema chupa, na ni nani alijua akanyamaza.