Njia ya Umma Niliyoichora Bweri

Mimi huwa nachoraga ramani ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuirekebisha. Kwenye picha ya setilaiti niliona kijia mtaani kwetu Bweri, nikakiandika "njia ya umma, waenda kwa miguu". Kesho yake kimefutwa. Nikakirudisha, kikafutwa tena. Nikajua tu mwenye kiwanja kinamopita, Mama Nyabise, anataka kupora njia ya watu. Hata salamu yake nikawa naiitikia nusu nusu.

Nikaenda kwake na mwenyekiti wa mtaa. Akatuangalia, akasema taratibu, "Piteni basi, si ni ya umma."

Tukaifuata nyuma ya vyumba vya wapangaji, mimi mbele na simu, mpaka kwenye kamlango ka bati.

"Umeona, mwenyekiti? Ameziba," nikasema, nikakasukuma.

Ndani bibi mmoja akakohoa. "Kuna mtu, mwanangu."