Nelda na Waya Mwembamba

Nelda Pruett aliogopa maji, na hakuona haya kulisema. Alipokuwa na miaka tisa mchungaji alimpeleka kijitoni kumbatiza, akakanyaga jiwe lenye utelezi, wakazama wote wawili, mtumishi wa Mungu na mtoto wa watu. Waumini ukingoni wakapandisha wimbo juu zaidi, wakidhani Roho ameshuka. Tangu siku hiyo hata ndoo ya maji Nelda aliitazama kwa jicho la pembeni. Kule jikoni, kwenye shule yetu, alikowapikia watoto maharage na mkate wa mahindi mpaka akastaafu, ndoo ikijaa mno alimwita mwingine aibebe. Mji mzima ulimcheka, naye alicheka pamoja nao, lakini ndoo hakuigusa.

Sasa mtu kama huyo akaolewa na nani? Na Hoyt Pruett, mwanamume aliyezaliwa ananuka samaki! Miaka yote ya ndoa yao Hoyt alikwenda na boti chini ya ukuta wa bwawa la umeme, pale maji yanapotoka kwa nguvu na samaki wanapojazana. Nelda alibaki juu, ndani ya gari, na chupa yake ya kahawa, roho mkononi. Boti ikipotea nyuma ya mwamba alisali. Ikitokeza tena alimimina kahawa.

Kisha kiharusi kikampiga Hoyt. Mguu ulipona, mdomo ukanyooka, lakini mkono wa kushoto ulibaki unaning'inia tu. Injini yake ya petroli, ya kuvutwa kwa kamba, ikamshinda. Majira yote ya baridi alikaa kwenye kiti kando ya dirisha, hasemi, hacheki, chakula anakichokoachokoa tu. Siku moja akainuka, akauza injini, akanunua mota ya umeme, kubwa, ile ya kufungwa mbele ya boti na kuendeshwa kwa pedali.

"Miguu si ninayo?" alisema. "Tena miwili."

Daktari akakubali arudi mtoni, kwa sharti asiende peke yake. Hoyt akamtazama mkewe. Nelda akatazama dari.

"Mzee, mimi?"

"Sasa nani? Paka?"

Nelda aliogopa maji, lakini kile kiti cha dirishani alikiogopa zaidi. Akakubali, na usiku ule hakupata usingizi.

Walikwenda dukani kwa Delmer, anayeuza vifaa vya boti.

"Mota hii inabugia umeme, Mzee Hoyt," Delmer alisema. "Ile ndogo uliyokuwa nayo zamani ilikuwa mtoto wa kunyonya. Betri umeziweka wapi?"

"Nyuma kabisa. Injini haipo, boti inataka uzito."

"Basi angalia. Umeme ukifika mbele haulali huko, unarudi. Pima kwenda, pima na kurudi, ndipo uchague waya. Hapo ni namba sita, usinibishie."

Na kwa nyaya, mwenzangu, namba ikishuka ndipo unene unapopanda. Waya uliokuwa tayari ndani ya boti ile, uliolisha mota ya zamani, ulikuwa namba kumi, mwembamba. Delmer akatoa waya mnene kama kidole, mweusi, mgumu. Hoyt akauchukua, akaenda nao nyuma ya rafu za chambo, akakaa huko kitambo. Aliporudi aliuweka mezani.

"Wa zamani unatosha."

"Hautoshi! Nikufungie mimi mwenyewe? Bi Nelda, mwambie mumeo."

"Tangu lini mtu mwingine akafunga boti yangu?" Hoyt alifoka, akatoka nje. Nelda akamfuata, uso umemshuka kwa aibu, akijua moyoni kwamba ubahili wa mzee huyu utamtia kaburini.

Siku ya kwanza walijaribu boti kwenye ghuba tulivu. Ile swichi ndogo inayojikata yenyewe umeme ukizidi ilijikata mara mbili. Kesho yake Hoyt akaweka nyingine, kubwa zaidi.

"Hoyt, si ilikuwa inakukataza?"

"Ilikuwa inanichokoza."

Nelda akainama akagusa waya pale unapoingia chini ya zulia la boti. Ulikuwa na joto la kikombe cha kahawa. Akamwonyesha, Hoyt akasema kitu kikifanya kazi hupata joto, hata binadamu. Nelda hakubishana. Alikwenda ghalani akatafuta kafi, akalitia botini. Walipofika gatini asubuhi ya safari, wavuvi wakaangua kicheko.

"Bi Nelda, unakwenda vitani?"

"Chekeni," alisema. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Alikuwa amefunga jaketi la kuokolea mpaka shingoni.

Aprili, ukungu umelala juu ya mto. Chini ya ukuta maji yalinguruma hata usiweze kusikia moyo wako mwenyewe, ingawa Nelda aliusikia wake. Pale hakuna kutia nanga, maji yatakugeuza juu chini. Boti hushikiliwa na mota tu, imeelekea mkondo. Hoyt aliikandamiza pedali mpaka mwisho, akatupa ndoana kwa mkono wa kulia, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi akapiga mluzi. Nelda alishika ubao wa boti kwa mikono yote miwili, akaacha apige.

Ndipo harufu ikamfikia. Aliijua. Siku moja jikoni waya wa mashine ya kukandia ulinuka hivyo hivyo, kisha ukawaka.

"Hoyt, kitu kinaungua."

"Ni kile kiwanda cha ng'ambo."

"Hoyt!"

Hapo king'ora kikalia. Pale mtoni kila mtu anajua maana yake: milango ya bwawa inafunguliwa, ondokeni. Boti nyingine zikageuka na kukimbia. Hoyt akapiga pedali pembeni. Mota ikaguna, ikazunguka polepole, ikanyamaza. Moshi mweusi ukachomoza chini ya zulia.

Boti ilikuwa imeupa mkondo ubavu. Mbele yao, kule mto unakokwenda, zilisimama nguzo za daraja la zamani la reli, na maji yalikuwa yanapanda, yanawasukuma kuziendea. Hoyt alikuwa amekimbilia nyuma, amepiga magoti, anahangaika na nati ya betri aukate umeme, kwa mkono mmoja, vidole vinateleza.

"Siwezi," alisema. "Mama, siwezi."

Nelda hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Hilo lilimtisha kuliko moshi. Akaachia ubao, akatambaa mpaka nyuma, akaushika waya kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiizungusha nati. Ganda lilikuwa limeyeyuka, shaba ikamng'ata kiganjani. Alilia, Yesu wangu, Yesu wangu, lakini hakuachia mpaka waya ulipong'oka. Kisha akanyakua kafi.

Hakujua kupiga kafi. Alichota maji kama anayekoroga uji wa shule nzima, upande huu, upande ule, huku akilia. Nguzo ikawajia, kubwa, imejaa ukoko wa kijani. Akausimika ule mti wa kafi kwenye zege, akausukuma kwa uzito wake wote. Bati la boti likakwaruza nguzo kwa mlio ambao mpaka leo humwamsha usingizini. Wakapita. Mkondo ukawatupa kwenye fungu la kokoto, wakaburura boti juu, wakaanguka.

Aliposhusha pumzi, hofu yote ikageuka hasira.

"Ubahili wako, Hoyt Pruett! Ungeniua kwa sababu ya kipande cha waya!"

"Si ubahili."

"Ni nini basi?"

Hoyt alitazama mkono wake wa kushoto, uliolala kwenye kokoto.

"Ule mnene unataka mikono miwili," alisema. "Kuuchuna, kuupinda, kuubana vichwa vya shaba. Nilijaribu kule nyuma ya rafu. Sikuweza hata kuukunja. Nikaona leo Delmer atanifungia waya, kesho atanifunga viatu."

"Viatu nakufunga mimi. Kila asubuhi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua? Tangu dukani ulijua?"

"Nilijua. Naogopa, Nelda. Tangu ile siku ya kiharusi naogopa kila siku, na sikujua pa kulisema."

Nelda alimtazama huyu mtu ambaye yeye, ndani ya gari, alimhofia miaka yote. Alitaka kumpiga kofi, akamkumbatia, kiganja kinamwaka moto.

Wiki ile ile walirudi kwa Delmer, Nelda na bandeji yake, wakachukua namba sita. Delmer akasema, "Niacheni niwafungie basi. Mna mikono mingapi nyinyi?"

"Miwili," Nelda alisema.

Wakaifanya kazi uani, boti ikiwa juu ya trela. Nelda aliubana waya chini ya goti, Hoyt akauchuna kwa kisu. Wakauvika kichwa cha shaba nchani. Lile koleo la kukibania lina mipini mirefu miwili: mmoja akaushika Hoyt kwa mkono wa kulia, wa pili Nelda, kwa wa kulia wake.

"Kesho tunarudi kule?" Nelda aliuliza.

"Ukitaka."

"Sitaki. Nitakuja. Haya, bana."

Wakabana. Mpini ukacheza mikononi mwao.

"Mkono wako unatetemeka," Hoyt alisema.

"Na wako," Nelda alimjibu, wakaubana tena.