Bosi Aliyenipima Mabega

Nilihisi kitu kinatambaa mgongoni.

Nikadhani mjusi. Nikaruka, sindano ikanichoma kidole, nikageuka na mdomo wazi.

Hakuwa mjusi. Alikuwa bosi wangu. Ameshika futi ya kupimia nguo, ananipima mabega.

"Tulia basi," akasema. "Namalizia."

Najua unachotaka kusema. Labda alitaka kunishonea gauni. Subiri kwanza nikwambie bosi wangu alikuwa anafanya biashara gani.

Alikuwa anauza majeneza.

Sasa tuko pamoja, sio?

Karakana yetu ilikuwa inatazamana na mlango wa nyuma wa hospitali, kule inakotokea mochwari. Tulikuwa watatu chini ya bosi. Randa, fundi seremala, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko hiyo randa yake. Kobe, mpaka rangi, ambaye ukimsalimia asubuhi unaitikiwa mchana. Na mimi, mshona vitambaa vya ndani na vile vimito vya kulazia kichwa.

Bosi tulimwita Mama Mbao. Akipiga chafya, waombolezaji ng'ambo ya barabara wananyamaza. Zamani alikuwa na mwili wa kujaza mlango, lakini mwaka ule alipungua mpaka aproni yake na yangu zikawa saizi moja. Tukimuuliza anasema, "Dayati. Ninyi kuleni tu mfe."

Ndiyo lugha ya pale. Gari la wagonjwa likipita na king'ora, Randa anabusu nyundo yake. "Riziki hiyo inaingia!"

Mbao laini inapakwa rangi na Kobe mpaka inang'aa, mteja anaambiwa ni mbao ngumu. Mtu macho yamejaa machozi, ataona nini?

Na mimi katikati ya hayo yote nilikuwa nimeokoka.

Mume alishanikimbia. Cherehani yangu ilishaibwa. Dunia ilishanifunda bila kunitoza ada. Nilipompokea Yesu sikuwa na cha kumpa ila mdomo wangu, na mdomo wenyewe ulikuwa mchafu, ulihitaji kulowekwa kwanza.

Wenzangu wakaniita Haleluya.

Mchana wakienda kula, mimi nilikuwa najibanza nyuma ya mbao, nakaa kwenye maranda, yale mabaki membamba yanayotoka fundi akipiga randa, naomba. Mama Mbao akinisikia anaongeza redio mpaka spika inakoroma.

"Haleluya, hapa tunauza vifo! Uzima kauombe kwenu!"

Nilizoea. Ukiishi na vyura, utalala na kelele.

Mambo yakaharibika siku alipokuja mzee mmoja kumnunulia mkewe jeneza. Akagonga ubao kwa kidole, akanigeukia mimi.

"Mwanangu, hii ni mbao ngumu kweli?"

Randa akanikonyeza. Mama Mbao akakohoa. Mimi nikatazama kimto nilichokuwa nakishona, nikakiona kama kinanisubiri nijibu.

"Si ngumu, baba. Ni laini. Imepakwa rangi."

Mzee akaondoka bila kununua.

Mama Mbao akanigeukia. Nilitegemea tusi. Nilitegemea kufukuzwa. Akasema tu, taratibu, "Haleluya, wewe ndiye utakayenizika."

"Au wewe ndiye utamzika yeye, bosi," Randa akadakia. Wakacheka.

Hakunifukuza. Ila kuanzia hapo vituko vikaanza.

Kwanza, redio. Nikianza kuomba, badala ya kuongezwa, inazimwa. Kabisa. Karakana nzima inakuwa kimya kama jirani zetu wa ng'ambo. Nikifungua jicho moja naona kivuli cha Mama Mbao upande wa pili wa mbao. Kimesimama. Hakisemi kitu.

Kelele nilizizoea. Ule ukimya ulinitetemesha.

Pili, maswali.

"Haleluya, wewe unapenda rangi gani?"

"Ya maziwa, bosi."

"Mto je? Laini au mgumu kidogo?"

"Laini."

"Mh," akasema, akaenda zake.

Nani anamuuliza mfanyakazi mambo ya mto?

Tatu ndiyo hiyo futi mgongoni.

Na nne, jeneza la stoo.

Nililiona nilipokwenda kuchukua kitambaa. Limefunikwa turubai. Mbao ngumu kweli kweli, ile ambayo pale kwetu tuliitaja kila siku na kuiona mara moja kwa mwaka. Halikuwa na mteja. Na kwetu jeneza halianzi bila mteja: lazima aje ndugu, alie, aseme marehemu alikuwa na urefu gani. Kwa hili hakuja mtu.

"La nani hili?" nikamuuliza Randa.

"Bosi kasema tusiulize." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anavyotazama gogo kabla ya kulipasua. "Ila huu urefu... Haleluya, hebu simama hapa pembeni."

Sikusimama.

"Mbona unakimbia? Litakutosha bila hata kukunja goti!"

Kobe akacheka. Kicheko chake kikanifikia nikiwa tayari nimevuka barabara.

Nilikuwa naishi kwa dada yangu mkubwa, kanisani haendi ila kwenye harusi. Nikamsimulia, akakaa chini.

"Huyo anakutoa kafara, mdogo wangu. Biashara imelala, anataka kuiamsha na wewe."

"Nitaomba."

"Omba. Lakini Yesu yuko mbinguni, na huyo mama yuko hapo jirani." Akatoka, akarudi na hirizi ndogo iliyoshonwa kwa ngozi, aliyopewa na mganga wake. "Tembea na hii."

"Dada, mimi nimeokoka."

"Basi itakulinda ukiwa umeokoka."

Nikataka kuikataa. Mdomo ukasema hapana, mkono ukaipokea.

Asubuhi, kwa mikono hii hii inayogeuza kurasa za Agano Jipya, nikaishona kwenye pindo la aproni yangu. Mshono mzuri, wa kujificha. Nikawa na bima mbili. Mchana nikaomba nimelishika lile pindo, na kwa mara ya kwanza tangu niokoke, maneno yakawa yanaanguka mdomoni kama misumari iliyopinda.

Siku iliyofuata nikafika kazini, aproni yangu haiko kwenye msumari.

Ya Mama Mbao ndiyo ilikuwa inaning'inia. Alikuwa amechukua yangu, kama tulivyozoea kubadilishana bila kujua.

Hirizi yangu sasa imevaliwa na yeye.

"Haleluya!" Sauti ikatokea stoo. "Njoo huku."

Randa na Kobe walikuwa wamepeleka mzigo kwa mteja. Nikaingia. Akafunga mlango nyuma yangu, akasukuma komeo. Turubai lilikuwa chini. Jeneza liko wazi, linanukia mbao mpya.

"Panda."

"Wapi, bosi?"

"Humo. Ulale."

Utaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Jirani yetu ilikuwa mochwari. Nani angekuja?

Nikapanda. Nikalala. Randa alisema kweli: halikunibana wala kunipwaya. Juu niliona bati lenye tundu moja, na mwanga mwembamba kama uzi. Nikatafuta zaburi ninayoijua kwa moyo, ikanikimbia. Nikatafuta hata salamu ya kumpa Mungu, nikaikosa. Likatoka neno moja tu, tena nusu.

"Ye..."

Uso wa Mama Mbao ukaja juu yangu. Mkononi ana mkasi. Mkasi wangu mwenyewe, ule mrefu wa kukatia satini.

Nikafumba macho.

Nikasikia mkasi ukikata. Kra. Kra.

Sikusikia maumivu. Nikafumbua jicho moja. Alikuwa anakata pindo la aproni aliyoivaa. Yangu. Akaingiza vidole, akatoa ile hirizi, akaining'iniza juu ya pua yangu.

"Hii ni nini?"

Nikaitazama inavyoyumba.

"Nakuuliza, Haleluya. Hii ni nini?"

"Ni... kinga, bosi."

"Kinga dhidi ya nani?"

"Yako."

Nilitegemea radi. Badala yake yule mama wa kunyamazisha mtaa akaketi kwenye kigoda, akaweka mkasi chini, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani anacheka. Nikainuka kidogo. Alikuwa analia.

"Unafikiri hili ni lako?"

"Si umenipima..."

"Nani anaweza kujipima mwenyewe mgongo, we mjinga? Ningemwambia Randa anipime, mtaa mzima ungejua naumwa kabla ya jioni. Mimi na wewe tunavaa aproni saizi moja!"

Ndipo nikamtazama. Nikamtazama kweli. Shingo ilivyokonda. Nguo zilivyomlegea. Dayati!

"Madaktari walinifungua tumbo, wakanifunga bila kufanya kitu," akasema. "Nikajua wale wawili wakinizika wataniweka kwenye mbao laini iliyopakwa rangi. Mimi ndiye niliyewafundisha. Nikataka langu litengenezwe nikiwa naona. Na rangi ichaguliwe, na kitambaa na mto vishonwe, na mtu pekee humu asiyedanganya."

"Sasa mbona umenilaza mimi?"

"Nilitaka kujaribu mwenyewe. Kila nikiinua mguu, mguu unagoma." Akafuta macho kwa aproni yangu. "Maisha yangu yote nauza haya masanduku, Haleluya. Naliogopa langu."

Akaitazama tena ile hirizi.

"Nilikuwa nazima redio nikusikilize. Nikajisemea, humu ndani yupo mmoja asiyeogopa, siku moja nitamuuliza siri yake. Leo nahisi kitu kigumu kwenye pindo, nakata, nakuta hii." Akaitupia juu ya kifua changu. "Kumbe na wewe hujui kitu."

Nimepigwa na mume. Nimetukanwa na mama mkwe mbele ya wageni. Hakuna kilichowahi kuniuma kama ile sentensi.

Ningeweza kujitetea. Nikaona aibu kumdanganya mtu nikiwa ndani ya jeneza lake.

"Naogopa, bosi. Niliogopa tangu siku ya kwanza niliyoingia hapa. Hata sasa naogopa."

"Sasa kila mchana unaomba nini?"

"Naomba nisikimbie."

"Basi?"

"Basi. Mengine sijafika."

Kisha akanipa mkono kunitoa.

Nikachukua mkasi, nikaipasua ngozi ya ile hirizi mbele yake. Nilitaka aone kuwa Mungu wangu hana mshirika. Vilivyomo ndani vikamwagika sakafuni.

Maranda.

Maranda makavu, meupe, kama yale yale ninayoyafagia kila jioni.

Tulitazamana. Mama Mbao akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. "Mganga kampa dada yako taka zangu!"

Mchana ule hakubaki upande wa pili wa mbao. Akaja kwenye maranda karibu nami, akapiga magoti kwa shida, akatoa sala yake ya kwanza:

"Mungu, mimi ni yule mwenye redio. Samahani kwa kelele."

Hakuwa malaika. Aliendelea kutukana, kisha anaomba radhi, kisha anatukana tena kwa sababu kaombeshwa radhi. Lakini wateja wakaanza kuambiwa laini ni laini. Na nilipomaliza kushona kile kitambaa cha rangi ya maziwa, alipanda mwenyewe, akalala, akajaribu mto.

"Umeuzidisha pamba," akasema. Hakutetemeka.

Alipofariki, mwanawe wa pekee alikuwa bado njiani. Na siku hiyo hiyo akaja tajiri mmoja, anataka mbao ngumu, leo leo.

Randa akalitazama la stoo. Akanitazama mimi.

"Sogea, Haleluya. Tutamwekea bosi lingine, Kobe atalipaka. Maiti hagongi ubao. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha."

Alikuwa ameshika nyundo. Sisemi angenipiga. Sisemi asingenipiga.

Nikakaa. Juu ya mfuniko. Magoti yalinitetemeka mpaka mfuniko ukawa unagonga kama mtu anabisha hodi kutoka ndani.

"Toka hapo!"

"Sitoki."

"Unatetemeka!"

"Natetemeka. Sitoki."

Kobe akaweka brashi chini. Akaja, kwa mwendo ule wake wa kuchosha, nikajua sasa wananibeba wawili. Akafika. Akageuka. Akakaa karibu nami.

Randa akatutazama. Akatukana. Kisha akatoka kumwambia yule tajiri ukweli.

Ni yeye aliyekaza skrubu za mwisho siku ya mazishi. Aliangalia ukutani kidogo, akasema vumbi la mbao limemwingia machoni. Siku hiyo hatukuwa tumepasua ubao hata mmoja.

Wapendwa, mimi sina mahubiri marefu. Nilidhani mtu wa imani ni yule asiyeogopa, ndiyo maana nilipoogopa nikaificha hofu yangu kwenye pindo, na mtu aliyekuwa anakufa akaikuta. Usiifiche. Huenda kuna mtu amezima redio anakusikiliza, na anachohitaji si ushujaa wako. Anataka kujua kama na wewe unaogopa, na bado hukukimbia.

Mimi bado nashona pale pale, mkabala na mochwari.

Ukiniuliza kama hofu imeisha, nitakwambia haijaisha.

Ila nimekaa.