Godoro Nyuma ya Pikapu

Wiki iliyopita, pale kijijini Mbingu, niliona gari la watalii lenye kitanda na jiko ndani, likielekea milimani. Nikakumbuka alasiri ile baba alipotandika godoro nyuma ya pikapu yetu, iliyonuka dizeli na pumba za mpunga.

"Barabara ni mbovu, tutalala humuhumu njiani," alimwambia mama.

Nilidhani tumefukuzwa nyumbani. Nikaung'ang'ania mlango nikilia.

Baba alichuchumaa mbele yangu. "Mwanangu, tunapanda mlimani kumchukua bibi yako. Anaumwa, hawezi kukaa. Atarudi amelala."

Nikanyamaza, nikakimbia ndani kumchukulia bibi mto wangu.

Sasa najua wazazi wangu waliogopa kumkuta amefariki. Tulimkuta hai, akacheka kuniona nimebeba mto ulionizidi ukubwa.