Siku Bibi Alipokakamaa

Mpaka leo nikisikia mtu anawaamuru wenzake wakakamae, damu inanichemka. Kwetu Mzenga neno hilo halikuwa sifa. Ngozi ya mbuzi ikisahaulika juani ilikakamaa. Mtoto mtundu akigoma kubebwa mgongoni alikakamaa, na mama yake akamfinya. Na maiti ilikakamaa, ndiyo maana wanawake waliwahi: macho yanafumbwa, kidevu kinafungwa kitambaa, magoti na viwiko vinakunjwa na kunyooshwa mwili ukiwa bado na joto.

Halafu vikaja vijiji vya ujamaa, na gwaride la mgambo likaja navyo. Ghafla kukakamaa kukawa ndiyo uzalendo wenyewe. Mwenyekiti wetu wa kijiji alilipenda neno hilo kupita kiasi, yeye mwenye tumbo lisiloruhusu mkanda kufungika.

Bibi yangu, mama yake mama, alikata roho asubuhi, amejikunja ubavu kwa sababu ya mgongo uliomsumbua. Nyumbani nilikuwa mimi tu, msichana ambaye hajaolewa, na kazi ya maiti haikuwa ya wasichana. Wanawake wote walikuwa uwanjani wamepangwa safu kumsubiri kiongozi kutoka wilayani. Nilikimbia. Nikamnong'oneza mama, naye akatoka kwenye safu kwenda kuomba ruhusa.

"Mwenyekiti, mama amefariki. Niruhusu na wanawake wawili wakubwa tukamnyooshe, tutarudi."

"Pole, mama. Lakini mgeni yuko njiani. Ukitoka wewe watatoka wote. Maiti haikimbii. Rudi kwenye mstari." Akageukia wengine. "Kakamaeni!"

Mgambo wawili wakamsindikiza mama mpaka nafasi yake. Akasimama juani, machozi yanamtiririka, amekatazwa hata kuyafuta. Nilimchukia yule mtu, na sijaacha.

Mgeni alifika alasiri, akapunga mkono, akasema maneno machache kuhusu kilimo cha muhogo, akaondoka.

Tulipofika nyumbani bibi alikuwa amekakamaa kabisa, kinywa wazi, magoti juu. Waoshaji walimkanda kwa maji ya moto, wakasugua, wakavuta polepole huku wakimsomea. Goti moja lilikubali. La pili lilitoa mlio, na shangazi akaacha kuvuta, akalia kwa sauti. Walimvisha sanda hivyo hivyo, imeinuka katikati.

Nje, mwenyekiti alikuwa amekwisha kuketi mkekani pamoja na wanaume, amevua kofia kwa heshima zote. Mama alitoka chumbani, mikono inachuruzika maji. Hakumwamkia, yeye ambaye hakuwahi kumpita mtu mzima bila shikamoo.

"Mama yangu hanyooki," alimwambia mbele ya wote. "Ingia wewe ukamnyooshe."

Mwanamume kumwosha mwanamke asiye wake ni aibu isiyosemeka, na wazee wote waliyasikia maneno yale. Hakuna hata mmoja aliyemkemea mama. Mwenyekiti aliokota kofia yake, akaondoka bila kuzika.