Leo nimeambiwa nauza mafuta ya alizeti

Jamani, utepe wangu leo umenitia aibu, halafu ukaniokoa.

Niko huku ughaibuni, Hallunda, kwenye duka letu la vyakula vya nyumbani. Msimu huu wa mafua mwenye duka anaomba kila mteja avae barakoa.

Mimi sivai. Nina pumu, nikifunika pua pumzi inakata. Ndiyo maana shingoni naning'iniza ule utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, wa watu wenye ulemavu usioonekana.

Kwenye foleni, mama mmoja Mrundi aliye mbele yangu akageuka.

"Dada, barakoa yako iko wapi?"

Sikutaka maneno. Nikamwonyesha utepe.

Akautazama. Akanitazama.

"Sawa, unauza mafuta ya alizeti. Na barakoa?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi nikachemka! Nikamweleza kwa sauti ambayo hata waliokuwa kwenye friji za samaki waliisikia.

Mama akasema taratibu, "Mzee wangu pia ana mapafu mabaya. Alifokewa humu humu, tangu hapo hataki kuja. Hiyo alizeti inapatikana wapi?"

Hasira zikaniisha. Nikauvua utepe, nikamvisha. Nyumbani ninao mwingine.

"Mpelekee."

Dakika hiyo hiyo, kaka mmoja aliyeingia sasa hivi ananiuliza kwa ukali, "Sista, barakoa iko wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mama kageuka mzima mzima, unga mkononi.

"Muache! Huyu ni wa alizeti."

Haya, wengine wa alizeti mko wapi? Jitokezeni, tuna mama yetu sasa. 🌻