Nimempeleka mume wangu kutembelea boma la zamani hapa Songea, alikokuwa akiita majina ya watu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, na ninyi wadogo marahaba yenu nimeshaitoa kabla hamjaniamkia.

Mimi ni bibi wa Msamala, hapa hapa Songea. Shule niliishia darasa la nne, herufi zikipishana mnivumilie. Lakini majina ya watu sisahau, na hili ninalosimulia sikuliongeza chumvi hata punje. Mjukuu wangu Happy alikuwepo, nikidanganya atanisuta humu humu.

Nianze na mume wangu, Thadei.

Ujana wake wote alikuwa tarishi pale boma, lile jengo la kuta nene la enzi za Mjerumani. Wakati huo ilikuwa ofisi ya wilaya. Kazi yake kubwa ilikuwa kuita majina. Watu wenye shida zao walikaa chini uani tangu asubuhi, yeye anasimama ngazi ya juu, anaita jina lako, la baba yako na kijiji chako. Ukiitwa unajibu "Nipo!" unapanda.

Kama mwenye jina hakuja, yeyote anayemjua anamjibia. "Anaumwa." Au, "Ametangulia." Haikuwa vizuri jina la mtu liitwe halafu lianguke chini.

Ndipo tulipojuana, pale pale.

Mimi nyumbani Matogoro niliitwa Masika, maana nilizaliwa mvua imefunga njia. Leokadia ni jina la ubatizo, hata mama alishalisahau. Baba naye alibatizwa kitandani, siku zake za mwisho, akawa Gervas, jina halikupata hata kuzoeleka. Sasa alipofariki akatuachia kesi ya mpaka wa shamba. Katekista wetu, Mzee Valeriani, akaenda boma kutuandikisha. Akaandika majina anayoyajua yeye.

Siku ya siku Thadei akaita: "Leokadia binti Gervas wa Matogoro!"

Mimi na mama tumetulia, tunatafuna mihogo yetu. Akaita tena. Mama akasema, "Huyo Leokadia ana maringo kweli, anaitwa na serikali hataki kuitika."

Jua likashuka, watu wakaisha uani. Thadei akatufuata.

"Mama, ninyi mnamsubiri nani?"

"Tunasubiri kuitwa, baba."

"Nimeita mpaka sauti imekauka! Leokadia ni nani?"

Mama akajipiga paja. "Yesu na Maria! Si huyu hapa?"

Shamba tulilipata. Na Thadei akanipata mimi.

Tangu hapo dunia nzima inaniita Masika, yeye peke yake ananiita Leokadia. Akitoka kazini anasimama mlangoni: "Leokadia binti Gervas wa Matogoro!" Na mimi huko jikoni, "Nipo!" Hata tukiwa tumegombana. Hasa tukiwa tumegombana.

Sasa wakuu, ugonjwa wa kusahau umemshika. Mwili upo, akili inatoka na kurudi. Mimi ananiita dada. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, nikaona namtesa, nikaacha.

Lakini hamu nilikuwa nayo. Nilitaka aniite jina lile hata mara moja kabla mmoja wetu hajaondoka. Hakuna mwingine anayeniita hivyo. Yeye akilisahau, basi limekwisha.

Kwa hiyo Happy aliposema siku hizi boma linatembelewa, watu wanafanya tour na kupiga picha, nikasema tumpeleke.

Asubuhi Happy akamvalisha koti, huku anamfunga vifungo. "Mume wangu leo umependeza! Huyu bibi kizee tumwache nyumbani."

"Mchukue, mke mwenzangu," nikamwambia, "ila na kufua umfulie."

Babu akacheka. Hakujua tunamtania nani.

Tukapanda bajaji. Pale tulipokewa na kijana muongozaji, Meshack, mpole sana. Akatuonyesha unene wa kuta, madirisha, kile chumba cha nondo walimokuwa wanafungiwa watu. Wazee wetu walikuwa wakipita nje ya chumba kile wanashusha sauti. Hata mimi nilijikuta nanong'ona.

Mambo yamebadilika jamani. Alipokuwa anakaa karani Mzee Fidelis, yule wa miwani iliyofungwa kamba, sasa pana picha ukutani. Alipokuwa anauzia togwa Mama Adelgota, pamejaa bodaboda.

Thadei hakuangalia chochote.

"Dada, tunarudi lini nyumbani?"

Tukaingia chumba kingine, akauliza tena hivyo hivyo. Nikanyong'onyea. Nikamwambia Happy, basi, twendeni, tumeshaona.

Wakati tunatoka tukapita mlango wa chumba alichokuwa anakaa bwana mkubwa wa wilaya. Thadei akaganda. Akavua kofia, akakohoa kidogo, akasimama pembeni ya mlango, mikono nyuma.

"Ingia tu babu, pako wazi," Meshack akasema.

Hakusogea.

Mimi nikaelewa. Tarishi haingii mpaka aambiwe. Nikamnong'oneza Happy, akaingia ndani, akakaza sauti kama mkubwa: "Pita!"

Akapita, wakuu. Kifua mbele. Akainama kidogo mbele ya ukuta mtupu, akageuka, akaenda moja kwa moja barazani mpaka ngazi ya juu, bila kushikwa mkono.

"Kosmas Luambano wa Mletele!"

Sauti ile ile ya zamani. Vijana wa bodaboda wakageuka. Mmoja akasema, "Vipi, mzee anagawa mbolea ya ruzuku?" Wenzake wakacheka.

Thadei akaita tena. Kimya. Nikaona macho yake yanazunguka uani kutafuta nani atasimama. Happy akataka kumshusha. Nikamwambia, mwache.

Kosmas nilimjua. Alikuwa na kesi ya ng'ombe. Nikashuka uani, nikakaa chini pale pale walipokuwa wanakaa watu, nikajibu kwa sauti:

"Ametangulia."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mahamudu Ngonyani wa Namtumbo!"

"Ametangulia."

"Paulina Komba wa Lizaboni!"

"Naye ametangulia."

Akaendelea hivyo, na wote nilikuwa nawajua. Hakuna jina lililoanguka. Yule kijana wa mbolea alishazima injini, amevua na helmeti.

Kisha Thadei akageuka. Akaangalia upande wa milima ya Matogoro.

"Leokadia binti Gervas wa Matogoro!"

Mtanicheka. Siku zote nalingoja, limekuja, na sauti ikanikatalia. Akaita tena. Na mimi nimekaa tu chini kama siku ile na mama, mdomo umefungwa, ila safari hii si kwa mihogo.

Akashuka ngazi polepole mpaka nilipo.

"Nimekuita mpaka sauti imekauka."

"Nipo," nikasema. "Nipo, Thadei."

Akanipa mkono, nikainuka.

Kwenye bajaji kurudi Msamala nilikuwa dada tena. Kesho yake pia dada, na leo ninavyoandika hapa ni dada. Sina neno. Namletea uji wake, nasema "Nipo" hata asipoita.

Nilichojifunza, wakuu: tusiwafungie wazee ndani kwa kuona hawajui tena kitu. Wapelekeni walikofanyia kazi. Mengine hayakai kichwani, yamekaa miguuni.

Na wewe unayesoma, mzee wako alikuwa na kazi gani, na wapi? Andika hapo chini jina lake, la baba yake na kijiji chake. Kama yupo, sema yupo. Kama ametangulia, sema ametangulia.

Nitasoma yote. Jina la mtu lisianguke chini.